Goti Linalouma kwa Kukimbia: Maswali na Majibu

Goti linauma kwa mbele, na sikuanguka wala kujigonga. Maumivu haya yametoka wapi?

Maumivu yanayozunguka pia ya goti, ule mfupa wa mviringo wa mbele, au yanayojificha nyuma yake, huwapata wakimbiaji wengi, na mara nyingi hakuna kilichochanika. Pia hiyo huteleza kwenye mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja. Goti likikunjwa huku limebeba uzito, mfupa huo hukandamizwa hapo. Mwili huzoea mkandamizo huo ukipewa muda. Aliyekuwa akikimbia kilomita 15 kwa wiki akaruka hadi 30, au aliyeongeza vilima na kasi kwa pamoja, hakuupa. Kabla ya kulaumu viatu, pitia ulivyokimbia wiki nne zilizopita.

Maumivu haya hukolea ukishuka ngazi, ukichuchumaa au ukiinuka baada ya kukaa sana. Yakiwa upande wa nje wa goti na kuanza kila mara baada ya umbali uleule, shuku ule ukanda mrefu unaoshuka kutoka nyonga. Yakiwa chini tu ya pia, mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole kimoja, huenda ni kano, nayo ina mazoezi yake. Majibu yanayofuata ni ya maumivu ya pia ya goti.

Niache kukimbia kabisa mpaka lipone?

Kwa kawaida hapana. Ukikaa wiki tatu maumivu hutulia, lakini misuli nayo hulegea. Ukirudi kwenye umbali wako wa zamani, goti linakuta kazi ileile na wasaidizi wachache. Wengi huzunguka hapo mwaka mzima. Badala yake, punguza. Yapime maumivu kwa 0 hadi 10: yasiyozidi 3 unaweza kuendelea nayo, mradi kesho yake asubuhi goti liwe kama lilivyokuwa kabla. Yakizidi hapo, au ukianza kuchechemea, simama. Vya kwanza kuachwa ni miteremko na mbio za kasi.

Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, hutuliza tu. Usimeze ibuprofeni ili upate kukimbia: inaficha onyo unalolihitaji, na kwa mtu aliyepungukiwa maji inaweza kuumiza figo. Mwenye vidonda vya tumbo aiepuke.

Mazoezi gani yanasaidia?

Ya nyonga na ya paja la mbele, siku 3 kwa wiki zisizofuatana, seti 3 kila zoezi.

Goti likiwa bado kali, anza na nyonga. Lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, mara 12. Mguu huo ukisogea mbele ya mwili, paja linafanya kazi ya matako, na zoezi limepotea. Urudishe nyuma kidogo. Kisha lala chali, kunja magoti, inua kiuno na ukishikilie sekunde 5, mara 10.

Maumivu yakipungua, ongeza kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, halafu zoezi lenye faida kubwa: kushuka kidato, yaani daraja moja la ngazi. Simama kwa mguu unaouma juu ya kidato cha sentimita 15, ushuke kwa sekunde 3 hadi kisigino cha mguu wa pili kiguse sakafu, mara 8 hadi 10. Tumia kioo. Goti likiangukia ndani au nyonga moja ikiinama, tafuta kidato kifupi zaidi. Kuongeza idadi kwa umbo bovu ni kujizoeza kuumia. Zoezi likiwa jepesi, beba uzito mikononi.

Jipe wiki 6 hadi 12. Wengi huacha wiki ya tatu, maumivu yanapopungua na misuli ikiwa bado haijakomaa.

Nirudi lini barabarani?

Ukiweza kutembea haraka dakika 30, na kushuka kidato mara 10 kwa mguu huo, bila maumivu kuzidi 2. Anza tambarare: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara 8, kesho yake upumzike. Ongeza dakika kwanza, kasi baadaye, vilima mwisho. Kamwe si viwili kwa wiki moja.

Hesabu pia hatua zako. Kama ni 160 kwa dakika, jaribu 168 kwa mwendo uleule. Hatua fupi hupunguza mzigo kwenye goti, ingawa siku za kwanza utahema zaidi.

Je, nipige eksirei?

Kwa maumivu ya aina hii mara nyingi haionyeshi kitu.

Ni lini nisisubiri nyumbani?

Goti likivimba ndani ya saa chache baada ya kujipinda, likikwama, likikuachia ghafla, au ukishindwa kupiga hatua 4, muone daktari. Likiwa jekundu, la moto, na una homa, nenda siku hiyohiyo. Vivyo hivyo shavu la mguu likivimba na kuuma. Mtoto au kijana anayechechemea kwa sababu ya goti achunguzwe hadi nyonga, kwani katika umri huo ugonjwa wa nyonga unaweza kujitokeza kama maumivu ya goti.