Njia ya maji: maana ya kuvuja kwa gereji iliyogeuzwa chumba

Mwenye nyumba akisema chumba kinavuja, huonyesha doa kwa kidole. Fundi akiitwa, naye hulitazama doa hilohilo, huziba palepale, hupaka rangi na kuondoka. Mvua ya pili ikinyesha, doa linarudi, pengine limesogea hatua moja. Hapo lawama humwangukia fundi au saruji, ilhali kosa lilianza kwenye neno lenyewe.

Kuvuja ni mambo matatu kwa pamoja: mahali maji yanapoingilia, njia yanayopita ndani ya paa, ukuta au sakafu, na mahali yanapotokeza. Doa ni hilo la tatu tu. Maji yaliyoingia kwenye tundu la msumari juu ya bati yanaweza kutambaa chini ya bati hadi kwenye papi (mbao inayoshikilia bati), yakaifuata papi mpaka kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), yakateremka nayo, kisha yakadondokea darini mita tatu kutoka yalikoingilia. Methali ya kuziba ufa inafaa sana, ila haikusema ni ufa upi, na ule unaouona ndani mara nyingi siyo wenyewe.

Gereji iliyogeuzwa chumba cha kulala au ofisi ina tabia yake katika jambo hili, kwa sababu ilijengewa gari. Gari halisumbuliwi na unyevunyevu. Kwa hiyo jamvi la gereji, yaani sakafu yake ya zege, mara nyingi huwekwa chini kuliko sakafu ya nyumba, tena kwa mteremko mdogo kuelekea mlangoni ili maji yanayodondoka kutoka kwenye gari yatoke. Kuta zake aghalabu ni za unene wa tofali moja. Karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu chini ya zege huenda haikuwekwa kabisa. Nje, njia ya gari inaweza kuwa inateremka moja kwa moja hadi kizingitini. Yote hayo hayakuwa makosa mpaka siku mtu alipotandika zulia.

Sehemu inayoleta taabu kuliko zote ni pale palipokuwa na mlango mkubwa. Mlango ukishatolewa, uwazi hujengwa ukuta mpya wenye dirisha, na ukuta huo husimamishwa juu ya jamvi lililokuwepo. Jamvi nalo huwa limejitokeza nje kidogo kupita uso wa ukuta, labda kwa upana wa kiganja. Mvua ikipiga ukuta, maji hushuka, hufika kwenye ukingo huo wa zege, na badala ya kuanguka chini hupumzika hapo. Kati ya tofali la kwanza na jamvi pana mshono mwembamba. Maji yanaingia polepole, yanapita chini ya ukuta na kutokea nyuma ya ubao wa pembeni mwa sakafu. Ukimwona fundi anatafuta tobo kwenye paa huku kilicholowa ni mguu wa ukuta, mwombe atoke nje aangalie ukingo huo kwanza.

Halafu pigia hesabu wingi wa maji. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Njia ya gari yenye upana wa mita 5 na urefu wa mita 8, ikipata mvua ya milimita 25, imebeba lita 1,000. Kama inateremkia kwenye gereji, karibu zote zinakuja mlangoni kwako. Hakuna silikoni iliyotengenezwa kuzuia mzigo huo. Unachotakiwa ni kuyapa maji mahali pengine pa kwenda.

Maji pia hayashuki tu. Upepo huyasukuma kwa ubavu, na ndiyo maana kuna vyumba vinavyovuja mvua ikitoka upande mmoja tu wa dunia. Tena hupanda, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi: nafasi ikiwa nyembamba kama karatasi, maji huvutwa ndani yake, hata kwenda juu. Vilevile hung'ang'ania upande wa chini wa vitu. Chini ya kizingiti cha dirisha panatakiwa pawe na kijifereji kilichochongwa ili tone likifika hapo likatike na kuanguka. Fundi akikisahau, au mpaka rangi akikiziba, tone hutambaa hadi ukutani.

Kabla ya kununua chochote, sikiliza saa. Maji yakionekana dakika chache baada ya mvua kuanza, kuna uwazi wa moja kwa moja, na mara nyingi uko kwenye paa, kwenye mfereji wa paa au kwenye fremu ya dirisha. Yakichelewa saa kadhaa, yanapenya ukutani au yanatoka ardhini iliyokwisha kushiba. Ukuta ukilowa upya hata wiki ambayo haikunyesha, huenda siyo mvua: inaweza kuwa bomba lililopasuka ndani ya ukuta (funga koki zote za maji, kisha tazama kama mita ya maji bado inazunguka), au ni jasho.

Jasho la ukuta huwadanganya wengi. Pumzi za wanaolala, nguo zinazoanikwa ndani na chungu cha chai hutoa mvuke, na mvuke ukikutana na ukuta mwembamba wenye baridi hugeuka maji. Kipimo chake ni rahisi. Kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, na uache siku moja au mbili. Umande ukiwa juu ya nailoni, upande wa chumbani, unyevu unatoka chumbani na dawa yake ni hewa na joto. Ukiwa nyuma yake, unatoka ukutani. Ungaunga mweupe juu ya lipu ni dalili nyingine: ni chumvi iliyoletwa na maji yaliyopita ndani ya tofali, na jasho la chumba haliileti.

Ukishajua ni mvua, tafuta mlango wake kwa mpira wa maji. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje. Anzeni chini kabisa, kwenye kiungo cha ukuta na jamvi, mkimwagia taratibu kwa robo saa au zaidi bila kupanda. Pakiwa pakavu ndani, pandeni hadi kizingiti cha dirisha, kisha pembeni mwa fremu, kisha juu yake, kisha paa. Ukianzia juu, maji yatashuka na kulowesha kila kitu, na hutajua ni wapi palipoingiza. Msifungulie kwa nguvu kama mnaosha gari, maana hata ukuta mzima utaingiza maji ukilazimishwa hivyo.

Marekebisho yaanzie nje, na yaanzie ardhini. Kwenye mteremko unaoelekea gereji, kata mfereji wenye chekecheke ya chuma kukatiza upana wote wa njia ya gari, wenye pa kumwagia mbali na msingi. Pembeni mwa kuta hufaa shimo refu lililojazwa kokoto na bomba lenye matundu chini yake. Wengi huuita mfereji wa kifaransa, ingawa hauhusiani na Ufaransa: jina ni la Henry Flagg French, Mmarekani aliyeandika juu ya kutoa maji mashambani mwaka 1859. Udongo na vigae vya nje vibaki angalau milimita 150 chini ya tabaka la kuzuia unyevu ukutani. Kurundika udongo wa maua ukutani ni kujichimbia kisima.

Ule ukingo wa jamvi uliojitokeza, ukatwe uwe sawa na ukuta, au utengenezewe mteremko wa kutupa maji nje. Mshono wenyewe, pamoja na ufa wa wima panapokutana ukuta mpya na nguzo za zamani, usizibwe kwa saruji. Kuta zilizojengwa nyakati tofauti hucheza kila moja kwa namna yake, na saruji itapasuka palepale. Fungua mshono, usafishe vumbi, uache ukauke, kisha weka ziba ya kunyumbulika. Juu ya vumbi au maji haishiki, hata iwe ya bei gani.

Paa la gereji linapogusa ukuta wa nyumba, bati la flashingi, lile linalofunika kiungo cha paa na ukuta, linatakiwa kuingia ndani ya mfuo uliokatwa ukutani. Likibandikwa tu usoni kwa lami, jua litalibandua. Skrubu za bati nazo zitazamwe: mpira wa washa, yaani kipete kilicho chini ya kichwa cha skrubu, hupasuka kwa jua kabla bati halijachakaa.

Rangi ya kuzuia maji iliyopakwa ndani mimi siipendi. Maji yanabaki ndani ya ukuta na kuisukuma rangi mpaka ivimbe. Palipo na ardhi ya nje iliyo juu kuliko sakafu, na isiyoweza kuchimbwa, ndipo kinga ya ndani inapostahili, nayo huwa tabaka maalumu ukutani, mfereji chini yake na pampu.

Baada ya kazi, usipake rangi mara moja, kwa kuwa ukuta uliolowa huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kukauka. Chora ukingo wa doa kwa penseli, andika tarehe kando yake, na mvua kubwa ikipita tazama kama unyevu umevuka mstari.