Ukishukiwa kughushi kumbukumbu kazini: yanayosemwa na yalivyo

Nimeingia vikao vya nidhamu hapa Tanzania kama mwakilishi wa wafanyakazi, na mara nyingi kinachommaliza mtu si daftari analodaiwa kulighushi. Ni alichokifanya kwa hofu siku mbili za kwanza.

"Wameshakukamata, umefukuzwa." Bado. Kughushi ni kosa zito, na linaweza kumtoa mtu kazini hata likiwa la kwanza. Ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu, na mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kanuni zake za 2007 zinataka uchunguzi, kisha tuhuma kwa maandishi, kisha muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Kikaoni una haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi.

"Limejazwa baadaye, basi limeghushiwa." Tazama daftari la joto la friji ya dawa: mistari sita, yote nyuzi 4, kalamu moja, na umeme ulikatika kuanzia saa nne hadi saa tisa, muda ambao joto lingetarajiwa kupanda. Huo ni uongo. Sasa tazama jingine, nalo limejazwa jioni kwa kalamu moja: 5, 7, 9, namba zilizonakiliwa kutoka kipande cha boksi la glovu alichoandikia mhusika zamu ilipomzidi. Huyu amechelewa kujaza, na kuchelewa ni kosa, lakini hakudanganya. Kipande kile cha boksi ndicho utetezi wake, akikitupa amejinyima. Na ukishasikia unachunguzwa, usiliguse daftari hata kwa nia njema. Kufuta au kupaka wino mweupe saa hiyo ni kujitengenezea kosa la pili.

"Ukisimamishwa kupisha uchunguzi, hulipwi." Unalipwa mshahara kamili.

"Jiuzulu mapema, ukifukuzwa unakosa kila kitu." Ushauri huu unaniuma, kwa sababu huwa unatolewa na watu wanaokupenda. Aliyejiuzulu akitaka kudai, lazima kwanza athibitishe kwamba mwajiri ndiye aliyemsukuma hadi akaandika barua ile, na hilo ni gumu. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu anakosa kiinua mgongo, ni kweli. Lakini mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo aliyolimbikiza na cheti cha utumishi bado ni haki yake. Ukiwekewa karatasi mezani na kuambiwa "saini tu tumalizane", omba ukaisome nyumbani. Barua ya tuhuma pokea, andika "nimepokea" na tarehe. Huko si kukiri.

"Tulia kwanza, utashtaki baadaye." Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, na Jumapili zimo. Zikipita, unaanza kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza siku zote hizo ulikuwa wapi.