Je, wajua? Malaria kali hatukuipata kwa sokwe, tuliipata kwa gorila, na ushahidi ulikuwa kwenye kinyesi

Siku moja kwenye stori za ofisini mtu aliuliza malaria ilitoka wapi, mimi nikadakia: kwa sokwe. Tena nikanogesha, kwamba sisi na sokwe tuliirithi kwa babu mmoja miaka milioni kadhaa iliyopita, tulipoachana kila mmoja akaondoka na yake. Wote wakatikisa kichwa. Kumbe nimewalisha matango pori.

Kujitetea kidogo: hayo ndiyo yaliyoaminika hata maabara kwa muda mrefu. Kimelea cha sokwe kinachofanana na chetu kinaitwa Plasmodium reichenowi, jina la Mjerumani Eduard Reichenow aliyechunguza damu za sokwe na gorila kule Kamerun kama miaka 100 iliyopita. Mpaka mwaka 2009 hicho ndicho kilikuwa ndugu pekee wa karibu wa Plasmodium falciparum (ile malaria kali inayoua watu wengi Afrika) ambaye DNA yake ilikuwa imesomwa. Sasa umepotelewa na baba, kijiji kizima umempima mwanaume mmoja tu, akifanana na wewe kidogo si utamwita baba?

Halafu na Kiswahili chetu kinatuponza, maana wengi wetu mnyama yeyote mkubwa mweusi anayefanana na mtu ni sokwe, awe yule wa Gombe na Mahale au yule jitu wa milima ya Rwanda. Hapa naomba tutenganishe: sokwe ni wa Gombe, gorila ni gorila. Habari yote iko kwenye hiyo tofauti.

Mwaka 2010 timu ya Beatrice Hahn, haohao waliofuatilia asili ya virusi vya UKIMWI, walitoa majibu ya sampuli karibu 3,000 za kinyesi kilichookotwa misituni Afrika ya kati. Ndiyo, kinyesi. Gorila wa porini hakupi mkono umtoe damu, ila kila asubuhi anakuachia mzigo chini, na ndani yake mna vipande vya DNA ya vimelea alivyonavyo mwilini. Walikuta sokwe wana vimelea vyao, gorila wa magharibi wana vyao, na kwenye ukoo mzima falciparum yetu ikaangukia katikati ya vimelea vya gorila wa magharibi. Sio gorila wa mashariki, kundi la hao wa Rwanda na Uganda, wao kwenye sampuli zile hawakukutwa na kitu.

Sasa iliwezaje kuhama? Kimelea lazima kiingie kwenye chembe nyekundu ya damu, na falciparum hutumia protini inaitwa RH5 kushika protini nyingine juu ya chembe, basijini. Fikiria plagi na soketi. Basijini ya gorila na ya binadamu zimepishana kidogo tu, lakini we mwenyewe unajua chaja ya pini mbili ukiipeleka kwenye soketi ya pini tatu bila kuchokoa kile kitundu cha juu na kalamu, haiingii ng'o. Mbu hata sio kikwazo, maana Gabon wamekuta Anopheles moucheti anabeba vimelea vya sokwe na gorila na watu pia anawauma. Kikwazo kikubwa ni plagi.

Kilichotokea ni kwamba spishi mbili za vimelea vya gorila zilichanganyika. Vimelea hivi hupandana tumboni kwa mbu, kwa hiyo mbu akinyonya gorila mwenye aina mbili anaweza kuwakutanisha, japo ndoa ya hivyo ni nadra sana. Babu wa falciparum akaondoka na jeni ya RH5 ya ukoo wa kina Plasmodium adleri (hiyo spishi ya pili ya gorila), yaani kama fundi amekata waya wa redio akaunga plagi ya pasi. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza na Ufaransa waliitengeneza upya hiyo RH5 ya kale wakakuta inashika basijini ya gorila na ya binadamu pia! Plagi ya kila soketi. Baadaye badiliko dogo moja likaifanya ibaki ya kwetu tu.

Ila hayo ni ya protini kwenye maabara, sio kimelea hai msituni, na kuhusu tarehe bado wanavutana: wengine wanasema miaka elfu chache, wengine makumi ya maelfu. Kwamba mlango bado uko wazi ndio inaonekana hapana. Kusini mwa Kamerun, kwa watu wanaoishi jirani na hao wanyama, walipima sampuli 1,402 za damu, 1,000 zikawa na malaria, na hakuna hata moja yenye hivi vimelea vya sokwe au gorila. (Malaysia ni kesi nyingine, huko Plasmodium knowlesi inatoka kwa kima kuja kwa watu hadi leo, lakini huo ni ukoo wa mbali.)

Na kuna hili lililonichekesha: mwaka 2010 hiyohiyo, bonobo (ndugu wa karibu wa sokwe) wanaofugwa jirani na Kinshasa walikutwa na falciparum, wenye utafiti wakaona labda malaria yetu ilitoka kwa bonobo. Maelezo yanayokubalika zaidi sasa ni kwamba bonobo hao waliipata kwetu.