Anayekushauri kwa simu amesajiliwa wapi? Maswali na majibu kuhusu ushauri wa tiba kwa njia ya simu

Je, mtu anaruhusiwa kunitibu kwa simu?

Sheria inamwangalia mtu na kazi anayoifanya, haijali sana chombo alichoshika mkononi. Tanzania Bara, sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi inataka anayefanya kazi ya udaktari awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na awe na leseni hai. Akikuuliza dalili, akakutajia ugonjwa, akakuelekeza umeze nini, huyo amefanya kazi ya udaktari, hata kama yeye yuko kibarazani Tandika na wewe uko Namtumbo. Wauguzi na wakunga wana baraza lao na sheria ya 2010, wafamasia wana sheria ya 2011, na waganga wa tiba asili na tiba mbadala wanasajiliwa chini ya sheria ya 2002. Zanzibar ina sheria na mabaraza yake.

Ugumu uko kwenye usimamizi. Zahanati ina mlango, ina ubao wenye jina, mkaguzi anaweza kuibukia asubuhi yoyote. Mwenye laini mbili na kundi la WhatsApp lenye wanachama mia tatu hana mlango wa kugongwa.

Kwani kutoa elimu ya afya kumekuwa kosa?

Hapana, na isije ikawa. Tangu 2012 wajawazito wengi nchini wametuma neno MTOTO kwenda 15001 na kupokea ujumbe bure: anza kliniki mapema, lala kwenye chandarua chenye dawa, jifungulie kituoni. Hiyo ni elimu ya watu wote, haimgusi mmoja peke yake. Mambo yanabadilika pale mtu anaposema, "Wewe mama, kwa maelezo yako hayo, una malaria, nunua dawa mseto." Sasa ameshamtibu mtu mmoja, mwenye umri wake, uzito wake na mimba yake, na lazima awepo wa kulibeba jambo hilo likiharibika.

Vipindi vya redio vinavyopokea simu hewani ndivyo vinavyonisumbua zaidi. Msikilizaji anasema tumbo linamuuma chini ya kitovu, mgeni wa studio anajibu ndani ya dakika moja kwamba ni maambukizi ya via vya uzazi, kisha inatajwa namba ya kupiga "kwa dozi kamili". Maumivu ya tumbo la chini kwa mwanamke yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo inaua kwa kuvuja damu ndani kwa ndani. Mtaalamu mwenye leseni anapaswa kuishia kwenye maneno matatu: nenda kituoni leo.

Daktari wa kweli akiniandikia dawa bila kuniona, kuna ubaya gani?

Inategemea na ugonjwa. Simu inafaa kwa mengi: kumfuatilia mgonjwa wa shinikizo la damu anayepima mwenyewe nyumbani, kueleza majibu ya maabara, kuuliza kama dawa mpya inakusumbua, kuamua kama uende usiku huu au usubiri kupambazuke. Kwa wanaoishi kilomita nyingi kutoka kituo cha afya, hilo peke yake ni nauli iliyookolewa.

Ila kuna mambo ambayo sikio haliwezi. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na kipimo cha haraka kinahitaji tone la damu. Halafu dozi yenyewe: vidonge vya ALu, ile dawa mseto ya malaria, huhesabiwa kwa uzito. Mtoto wa chini ya kilo 15 humeza kimoja kwa mara moja, na mwenye kilo 35 na kuendelea humeza vinne. Anayekutajia dozi ya mwanao bila kuuliza kilo zake anabahatisha, awe profesa au awe muuza duka.

Wanaopokea simu za ushauri ni lazima wote wawe madaktari?

Hapa nchi zimetofautiana, na Uingereza ina somo zuri. Mwaka 1998 walianzisha NHS Direct, huduma ya ushauri kwa simu ya NHS, yaani mfumo wao wa afya wa umma; wauguzi ndio waliokuwa wakijibu. Kufikia 2014 namba ya 111 ilikuwa imechukua nafasi yake England nzima. Anayeanza kupokea simu hiyo kwa kawaida si muuguzi wala daktari. Ni mtu aliyefunzwa kufuata maswali ya kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoonyesha aelekezwe wapi: gari la wagonjwa, muuguzi, daktari, au akae nyumbani.

Mwaka 2014, huko Cornwall, mtoto wa mwaka mmoja alifariki kwa maambukizi yaliyosambaa mwilini. Ripoti ya NHS iliyotoka 2016 ilionyesha kwamba madaktari waliomwona kabla nao walipitwa na dalili, kwa hiyo si haki kuitupia simu lawama zote. Lakini ilisema pia kwamba kama simu ile ya mwisho ingepokelewa na mwenye taaluma ya tiba, huenda angetambua kuwa kilio cha mtoto kilikuwa cha mtu anayehitaji msaada wa haraka. Maswali ya kompyuta hayakuwa na mahali pa kuandika kilio.

Sisemi kwamba asiye daktari azuiwe kushika simu. Tukisema hivyo hakuna atakayejibu, maana madaktari wenyewe hawatoshi wodini. Huduma ya m-mama kwa namba 115 inaonyesha njia: anayepokea anauliza maswali yaliyopangwa kuhusu mjamzito au kichanga, kisha anatafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii na kuamua apelekwe kituo gani. Hampi dawa. Kinachotakiwa kuandikwa kwenye kanuni ni mambo hayo hayo: mpokea simu ajitambulishe kada yake kabla ya lolote, afuate mwongozo uliopitishwa na wataalamu, awe na muuguzi au daktari wa kumrushia simu papo hapo, na aweko mwenye leseni anayewajibika kwa kila kinachosemwa. Hilo la mwisho ndilo ambalo wengi wa wanaotangaza namba zao kwenye nguzo za umeme hawana.

Rwanda walijaribu kwa ukubwa. Babyl, kampuni ya tiba kwa simu, ilianza 2016. Mgonjwa alipigiwa kwanza na muuguzi, ikibidi daktari, kisha akatumiwa namba ya siri kwa ujumbe mfupi aende nayo maabara au duka la dawa. Ilifunga shughuli 2023 baada ya kampuni mama ya Uingereza kuanguka. Kwa hiyo anayetoa vibali aulize na hili: siku mtoa huduma akifunga, kumbukumbu za wagonjwa zinabaki kwa nani?

Dalili gani zisinifanye nipoteze muda kwenye simu ya ushauri?

Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri. Mjamzito anayetoka damu, anayeumwa kichwa sana huku macho yakiona ukungu, au anayehisi mtoto amepunguza kucheza. Mtu mzima anayebanwa kifua, anayeshindwa kupumua, au aliyepooza ghafla upande mmoja na mdomo ukaenda kando. Hao wapelekwe. Simu ipigwe mkiwa njiani, kuwaarifu wanaowapokea.

Nitamjuaje kama ni mtaalamu?

Muulize. Sisi huku kila aliye nyuma ya dirisha la dawa tunamwita daktari, na wengi hawatusahihishi. Anaweza kuwa daktari bingwa, tabibu, muuguzi, mfamasia, au mtoa dawa wa duka la dawa muhimu aliyepata mafunzo mafupi. Wote wana kazi yao na mipaka yao. Muulize majina kamili, kada, namba ya usajili na kituo anachofanyia kazi, kisha thibitisha kwa baraza lake. Ukiona aibu kumhoji, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, uanzie huko.

Anayekasirika ukimuuliza namba ya usajili ameshakujibu.

Ndugu yangu ni daktari Houston. Ushauri wake nao una shida?

Kama ndugu yako anakuambia acha chumvi, msikilize. Akitaka kukubadilishia dawa, jambo ni jingine. Marekani leseni hutolewa na kila jimbo, na kwa kawaida anayetibu kwa simu anatakiwa awe na leseni ya mahali alipo mgonjwa. Leseni ya Texas, jimbo lenye jiji la Houston, haifiki Moshi. Tena dawa anazozijua yeye huenda hazipo kwenye duka la mtaani kwenu. Njia nzuri ni azungumze na daktari anayekutibu, wewe ukiwepo na umeridhia.

Na siri yangu?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hatari ni ya kweli: Sweden, mwaka 2019, iligundulika kwamba rekodi za simu milioni 2.7 zilizopigwa kwenye namba yao ya ushauri wa afya, 1177, zilikuwa kwenye mtandao bila hata nywila. Uliza kama unarekodiwa. Na usipokee ushauri wa magonjwa ya zinaa kwa sauti ya juu ndani ya daladala. Hilo hakuna baraza litakalokusaidia.

Nimepewa ushauri wa simu ukaniletea madhara. Niende wapi?

Kwanza hospitali, ukiwa na dawa zenyewe na makasha yake. Kisha, kama aliyekushauri ni mtaalamu, lalamika kwa baraza lake. Kama hujui ni nani, anza na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, na kama amejifanya daktari hilo ni suala la polisi pia. Usifute kitu. Hifadhi tarehe na saa ya simu, jumbe za sauti, picha za dawa alizokutumia, na hasa ujumbe wa muamala wa malipo. Anaweza kuwa amekutajia jina la uongo na hospitali asiyofanya kazi, lakini laini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na jina linalotokea kwenye muamala ndilo jina ambalo wachunguzi wataanza nalo.