Dhiki ya Muda Mrefu na Afya ya Akili: Yanayowasibu Watu wa Lamu Baina ya Shambulizi Moja na Jingine

Wengi wanaokuja kutafuta ushauri wa afya ya akili hapa Lamu, pwani ya Kenya, hawaanzi kwa kutaja mashambulizi ya watu wenye silaha. Huanza na mwili: kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, usingizi haupatikani, kifua kinabana. Wamekwisha kupimwa presha zaidi ya mara moja, wamemeza dawa za maumivu, na baadhi wamesomewa kisomo. Ukimuuliza mtu taratibu siku zake zinakwendaje, ndipo yanapotoka: deni la dukani, karo, shamba lililoachwa na ufuta ukaliwa na nyani, mtoto aliyekaa nyumbani bila mwalimu. Bunduki hutajwa mwisho, na wakati mwingine haitajwi kabisa.

Wataalamu hawashangazwi na hilo. Mwaka 2010 watafiti Kenneth Miller na Andrew Rasmussen walionyesha kwamba sehemu kubwa ya maradhi ya akili yanayohesabiwa kuwa ya vita hupitia kwenye dhiki za kila siku: kukosa chakula, makazi ya kubanana, kupoteza kazi, kutengana na jamaa. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba katika jamii zilizoguswa na mapigano, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la akili wakati wowote ukipima, kuanzia mfadhaiko na wasiwasi hadi skizofrenia, maradhi ya kusikia au kuona yasiyokuwepo. Waliobaki wanne si kwamba hawaumii. Huumia, ila wengi hupata nafuu maisha yakirudi kwenye mkondo wake. Hapa kwetu ni lini yamerudi?

Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na mwaka huohuo jeshi la Kenya likaingia Somalia kupigana na wanamgambo wa al-Shabaab. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 mji wa Mpeketoni ulivamiwa, na katika siku mbili watu zaidi ya 60 wakauawa hapo na vijiji vya karibu. Septemba 2015 ikaanza Linda Boni, operesheni ya usalama katika msitu wa Boni. Yakaja mashambulizi ya 2017, kambi ya kijeshi ya Manda Januari 2020, vijiji vya Lamu Magharibi Januari 2022, kisha Juni 2023. Kati ya tukio moja na jingine ilipita miezi mingi ya utulivu, na kwa aliye mbali utulivu huo unatosha kusema mambo yametengemaa. Kwa mkulima anayelima mchana na jioni kwenda kulala mjini kwa jamaa, utulivu huo ni wa kusikiliza. Mwili wake ni askari wa zamu ambaye hakuna anayekuja kumpokea. Homoni za hatari, ambazo kazi yake ni kumwezesha mtu kukimbia au kupigana kwa dakika chache, zinabaki juu kwa wiki na miezi. Usingizi unakatika, hasira inakuwa karibu, kumbukumbu inapungua.

Ongeza njaa juu ya hofu. Mwishoni mwa mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, vijana 36 wenye afya njema walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita ili madaktari wajue namna ya kuwasaidia walioteseka kwa njaa kwenye vita vya Ulaya. Hapakuwa na risasi hata moja pale. Walilala salama, walitunzwa, na walijua siku ya kumaliza. Hata hivyo, walipopoteza karibu robo ya uzito wao walianza kujitenga, kukasirika ovyo, kuota chakula na kushindwa kufikiria jambo jingine. Mmoja alijikata vidole kwa shoka, na baadaye hakuweza kusema kwa yakini kama alikusudia au la. Kwa hiyo mama anayesema “mimi sili, watoto kwanza” usiku baada ya usiku, kisha akajishangaa kwa nini anawapigia kelele watoto walewale, hajaharibika tabia. Ubongo wake unalia njaa.

Upungufu unakula pia nafasi ya kufikiri. Wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, walipimwa kabla ya mavuno wakiwa hawana kitu, kisha baada ya mavuno wakiwa na fedha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: watu walewale walifanya vibaya zaidi kwenye maswali ya kufikiri wakati wa ukata. Nalitaja hili kwa sababu ya maneno ninayoyasikia sana vikaoni, kwamba waliohama vijiji ni wavivu wa kupanga maisha. Mtu anayepiga hesabu ya unga wa leo hana akili ya ziada ya kupangia mwaka ujao.

Tazama wavuvi. Kwa miaka kadhaa walizuiwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, na mvuvi wa Lamu ajuaye kazi yake anajua kwamba kuna samaki wa usiku na hakuna namna ya kuwabembeleza watoke mchana. Mwanamume aliyezoea kurudi alfajiri na kitoweo akawa anashinda barazani akirekebisha jarife, wavu wake, ambalo halina safari. Akaona haya kuingia ndani saa ya chakula. Akaanza na muguka ili siku isonge, na kuna walioishia kwenye unga, yaani heroini. Mkewe akija kwetu hasemi mume wangu ana mfadhaiko, atasema “siku hizi hasemi na mtu.” Kwa wanaume wengi, mfadhaiko unajionyesha kwa ukimya na ukali kuliko kwa machozi.

Tulichopuuza zaidi, kwa maoni yangu, ni kupotea kwa mikusanyiko. Kafyu iliyotangazwa Julai 2014 ilianza jioni, na Ramadhani ilikuwa haijesha. Harusi zilisogezwa mchana, matanga yalikatizwa. Watu waliona ni usumbufu tu, kumbe usiku wa Lamu ndio wakati wa kutulizana: baraza, ngoma, maulidi, jirani kuja kukaa na mfiwa. Ukiiondolea jamii hayo, umeiondolea dawa iliyokuwa ikiitumia bila kuiita dawa.

Kuna pia wake wa waliopotea, mtu aliyechukuliwa au kutoka asirudi. Aliyefiwa hukaa eda miezi minne na siku kumi, watu humjia, hulia, kisha maisha husogea. Aliyepotelewa hajui akae eda au apike cha mtu wa pili. Akicheka ataambiwa kasahau, akilia ataambiwa anamwombea mtu kifo. Usimhimize akubali wala asubiri. Mkubalie kwamba yote mawili yanakaa ndani yake pamoja. Yale ya sheria, kama mirathi na ndoa, yanaweza kupelekwa kwa Kadhi, na mara nyingi kusikilizwa kwa shauri peke yake humpunguzia mtu mzigo.

Watoto wana yao. Katika vijiji vya Waaweer, yaani Waboni, vya wadi ya Basuba, walimu waliondoka kwa hofu na shule zikakaa zimefungwa kwa miaka. Huko msitu wa asali nao ukawa hauingiliki kama zamani. Mtoto wa namna hii huweza kurudia kukojoa kitandani akiwa na miaka tisa, kumng'ang'ania mama, au kucheza mchezo wa kuvamiwa siku nzima. Usimchape kwa kukojoa, na mchezo mwache aumalize. Shule ikifunguliwa, hata chini ya mti na mwalimu mmoja, watoto wengi hutengemaa bila mtaalamu wa kigeni. Ningeambiwa nichague kati ya warsha ya siku moja ya ushauri nasaha na mwalimu anayelala kijijini, nisingefikiri mara mbili.

Tukifika kwenye la kufanya: baada ya tukio, mpe mtu maji, mahali salama na simu ya kuwatafuta jamaa zake. Msikilize akitaka kusema, lakini usimlazimishe asimulie aliyoyaona. Shirika la Afya Duniani halishauri vile vikao vya mara moja vya kumtaka kila mtu aeleze yote. Zile video za maiti zinazozunguka kwenye WhatsApp zifute, usizitume mbele. Huzuni au kukosa usingizi kukizidi wiki mbili na kumzuia mtu kufanya kazi zake, aje hospitali. Kisomo kiendelee ikiwa kinampa utulivu. Hakigombani na dawa. Dawa za mfadhaiko huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha kazi, kwa hiyo asiziache wiki ya kwanza kwa kuona hazifai.

Wenye skizofrenia na kifafa husahaulika kabisa wakati wa vurugu. Barabara ya Garsen ikifungwa au chombo cha Kiunga kisipoondoka, dawa zinakatika, mgonjwa anarudi hali ya mwanzo, na ndugu waliochoka wanamfunga kamba. Mwambieni muuguzi mapema kwamba njia haitabiriki, awape dawa za kutosha miezi miwili pale inapowezekana, na mjue tarehe ya sindano yake kama mnavyojua tarehe ya mshahara.

Ukihofu kwamba mtu anataka kujiua, muulize waziwazi. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake, na umwondolee karibu sumu za shamba na kamba. Nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Mpeleke hospitali ya King Fahd, ya Mpeketoni au ya Faza, popote palipo karibu, na usiogope kwamba atashtakiwa: tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.