Sifuri ya modeli na meza nyekundu ya Lubumbashi

Kila kiangazi meza iliyo chini ya dirisha langu, hapa katika komini ya Katuba, hupanguswa asubuhi, na kufikia jioni imekuwa nyekundu tena kiasi cha kuandikwa jina kwa kidole. Juu ya meza hiyo hiyo ipo kompyuta ninayoendeshea modeli ya mzunguko wa hewa, yaani programu inayoiga anga kwa hesabu, nami nikiiuliza ni vumbi kiasi gani linaloinuka kutoka ardhi ya Lubumbashi mwezi wa Julai, hunijibu sifuri. Mwanafunzi mmoja alipoliona jibu hilo alicheka, akaniuliza kama mashine yangu ni kipofu. Nilimjibu kwa haraka siku ile, na tangu hapo naona swali lake lilistahili zaidi.

Modeli huikata anga kuwa visanduku, na kila kisanduku hubeba namba chache tu: upepo, joto, unyevu, shinikizo la hewa. Kanuni za mwendo na za joto hupigiwa hesabu kisanduku baada ya kisanduku, kisha muda husogezwa mbele hatua moja ndogo, na hesabu huanza upya. Urefu wa hatua hiyo si wa kujichagulia, kwa sababu upepo hautakiwi kuruka kisanduku kizima kwa hatua moja: penye visanduku vya kilomita 10 na upepo wa juu wa mita 50 kwa sekunde, sekunde 200 ndiyo mwisho, nami kwa usalama hutumia 60. Ukipunguza upana wa kisanduku kwa nusu, visanduku vinakuwa mara nne na hatua mara mbili, yaani kazi mara nane. Kwa mtu ambaye umeme humkatikia katikati ya hesabu, mara nane ni jambo zito. Ndiyo maana naiamuru programu ihifadhi hali ya anga kila baada ya saa sita za modeli, ili nisianze tena mwanzo.

Kanuni zenyewe sizitilii shaka. Mwingereza Lewis Fry Richardson alizipigia hesabu kwa mkono, akichukua hali ya hewa ya Ulaya ya tarehe 20 Mei 1910, akapata kwamba shinikizo lingepanda millibar 145 ndani ya saa sita, ilhali siku ile halikubadilika hata kidogo cha kutajika. Kilichomwangusha ni vipimo vya kuanzia, ambavyo havikupatana vyenyewe kwa vyenyewe. Sifuri yangu ina asili ya karibu na hiyo: imetokana na kile modeli ilichoambiwa kuhusu ardhi.

Sehemu inayoinua vumbi ilitungwa kwa kutazama majangwa, mfano wake mkubwa ukiwa bonde la Bodélé nchini Chad, ambako upepo unaobanwa kati ya milima ya Tibesti na Ennedi huchota udongo mwepesi wa ziwa lililokauka. Upepo ukiwa chini ya kasi fulani hakuna kinachoinuka. Ukiipita, mchanga huanza kurukaruka na kila punje inapotua hubandua chembe ndogo, na kiasi kinachoinuka hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha kasi. Hapo ndipo wastani unapodanganya. Tuseme mpaka ni mita 6 kwa sekunde, na ndani ya kisanduku kimoja nusu ya eneo ina upepo wa mita 2 na nusu nyingine mita 8. Wastani ni 5, modeli inasema kimya, ilhali nusu ya eneo inafuka vumbi.

Lakini kwetu kasoro hiyo ni ndogo kuliko nyingine. Ramani ya modeli inaonyesha Katanga yetu ikiwa misitu ya miombo na nyasi, na penye mimea mlango wa vumbi hufungwa. Ramani haikosei kuhusu miombo. Haijui tu kwamba mjini vumbi letu huinuliwa na magurudumu ya malori, na pikipiki, na fagio la alfajiri, kwenye barabara zisizo na lami.

Wapo wanaosema vumbi hili latoka Sahara. Julai pepo zetu hutoka kusini-mashariki, na katika miezi ambayo vumbi la Chad husukumwa kusini-magharibi, sisi tumo ndani ya mvua, na njiani upo msitu wa Kongo wenye mvua za kuliosha. Chembe ya maikromita 10 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hushuka kama mita 700 kwa siku hata bila mvua. Ya maikromita 1, kama mita 7 tu. Ile ya maikromita 100 ikirushwa usawa wa kichwa hutua baada ya sekunde tatu hivi, kwa hiyo punje kubwa za mezani kwangu zimetoka barabarani kwangu.

Nilipaka sahani nyeupe vaselini, nikaiacha juu ya paa siku tatu. Chini ya lenzi nilikuta punje nyekundu, na katikati yake vipande vyeusi vyembamba vilivyopindika: majani yaliyoungua. Setilaiti inayopima ukungu wa anga huhesabu vumbi na moshi pamoja, ingawa chembe za moshi, zikiwa ndogo zaidi, hutawanya zaidi mwanga wa buluu kuliko mwekundu, na kwa tofauti hiyo tunaweza kuvitenganisha.

Kwa hiyo nimechora barabara za udongo kwa mkono, nikazipa modeli kama chanzo, zikifuka zaidi saa za kwenda na kurudi kazini. Mchana sasa inakaribia ukweli. Alfajiri bado inanishinda. Usiku wa Julai ardhi hupoa sana, hewa baridi hulala chini ya hewa yenye joto, na moshi wa makala, yaani mkaa, na vumbi la fagio hubaki usawa wa mapaa mpaka jua lipande vizuri, ilhali tabaka la chini kabisa la modeli yangu lina unene wa mita 50 na huvichanganya vyote ndani yake. Jana nimeligawa kuwa matabaka matatu. Hesabu imefika usiku wa pili, na umeme haujakatika.