Nyongo ya mamba haikuwamo kwenye pombe

Msibani kaburi huwa halijachimbwa, na tayari kuna mtu pembeni ya turubai anamnong'oneza mwenzake: "Huyu kalishwa kitu." Sisi tunaotafuta sumu maabara tumelizoea neno hilo, kitu. Likifika kwetu huwa limeshapanda cheo na kuandikwa kwenye fomu ya polisi: "Inadhaniwa amekula sumu." Sumu ipi, ameila saa ngapi, alikuwa anatumia dawa gani? Hapo fomu nyingi hunyamaza.

Katika ukanda wetu "kitu" hicho mara nyingi kina jina kabisa, nalo ni nyongo ya mamba. Wapo wanaoapa kwamba tone moja likiingia kwenye pombe linamaliza ukoo. Januari 2015 imani hiyo ilipata tukio la kuipa nguvu.

Ilikuwa Chitima, mji mdogo wa mkoa wa Tete nchini Msumbiji. Watu walikuwa kwenye mazishi na pombe ya kienyeji ilikuwa imeandaliwa. Kabla tanga halijaisha, hospitali ya huko ilikuwa imejaa watu wanaoharisha na kulegea misuli. Walikufa watu 75, akiwamo mama aliyeipika hiyo pombe. Taarifa za mwanzo zilisema walioinywa asubuhi hawakudhurika, walioanguka ni wa mchana. Basi hesabu ikawa rahisi: wakati watu wako makaburini, mtu katia mkono kwenye pipa. Nyongo ya mamba ikatajwa redioni na magazetini, hadi nje ya Afrika.

Nyongo ya mamba ni nyongo tu, kazi yake ni kulainisha mafuta ya chakula tumboni mwa mamba. Miaka ya 1980 mtafiti mmoja Zimbabwe aliwapa panya nyongo hiyo kuona kama kweli inaua, na sifa yake ya kuua haikuthibitika. Lakini kumwambia mfiwa "si nyongo" hakumsaidii chochote kama huna la kuweka mahali pake. Ilichukua miezi. Sampuli zilisafirishwa hadi maabara ya uchunguzi wa jinai Marekani, na Novemba 2015 serikali ya Msumbiji ikatangaza jibu: asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli. Bakteria huyo alikuwa ameota kwenye unga wa mahindi uliotumika kupikia pombe. Hakuna aliyetia mkono.

Sumu hii inastahili kuelezwa, kwa sababu ina hila. Haina harufu wala ladha. Ukichemsha, bakteria anakufa lakini sumu aliyoiacha inabaki. Ndani ya seli zetu kuna sehemu zinazozalisha nishati, na nishati hiyo hutoka kupitia mlango maalumu ili ikatumike. Asidi ya bongkreki huuziba mlango huo. Seli inakuwa kama kinu kinachosaga huku mdomo wa kutolea unga umezibwa: kazi inafanyika, ila nyumbani watu wanalala na njaa. Ini, ubongo na moyo, vinavyokula nishati nyingi, ndivyo vinavyotangulia kuanguka. Waindonesia waliijua zamani kupitia chakula kilichochachushwa kutoka kwenye mashudu ya nazi, kiitwacho tempe bongkrek, na ndiko jina lilikotoka. China nako, Oktoba 2020, watu 9 wa familia moja walikufa baada ya kula tambi za mahindi yaliyochachushwa.

Nimeanza na Chitima kwa sababu inaonyesha jambo ambalo wateja wetu, yaani polisi, madaktari na ndugu wa marehemu, huwa hawalitarajii. Watu wanadhani mashine ya maabara inamezeshwa damu kisha inatapika jina la sumu. Kipimo cha sumu zote hakipo. Kila mashine huona aina yake tu, nayo huiona pale mkemia anapoilekeza huko.

Tuchukue ile tunayoitegemea zaidi. Sampuli iliyosafishwa huingizwa kwenye mrija uliozungushwa kama waya wa koili, urefu wake mara nyingi mita 30 na upana wa ndani robo ya milimita. Ndani humo gesi inausukuma mchanganyiko, na kila kiambato kinachelewa kwa kadiri yake, kingine kinatoka dakika ya tano, kingine ya kumi na mbili. Hiyo ndiyo kromatografia. Kinapotoka, spektrometa ya masi hukivunja vipande na kuvipima uzito, kisha kompyuta hulinganisha vipande hivyo na maktaba ya maelfu ya kemikali. Inapendeza kuitazama. Lakini kemikali isiyogeuka mvuke haipiti humo kabisa, inahitaji mashine inayotumia kimiminika. Aseniki, zebaki na risasi zinahitaji mashine nyingine tena. Na familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, asubuhi ikakutwa wote wamekufa bila jeraha, hiyo ni kazi ya kipimo tofauti cha damu kinachoonyesha ni sehemu gani ya hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, imeshikwa na gesi ya kaboni monoksaidi. Ikizidi nusu, mara nyingi tumeshapata jibu. Vifo vya namna hii huvuta maneno ya uchawi kuliko vyote, na ni kati ya vile ambavyo maabara huvitegua kwa urahisi, mradi mtu ataje lile jiko.

Upande wa dawa za kulevya mtego ni mwingine. Kile kijiti cha kupimia mkojo kinachouzwa hata madukani ni kipimo cha awali tu. Kinaweza kusema "opieti", yaani dawa za jamii ya afyuni, kwa mtumiaji wa heroini, na kikasema hivyo hivyo kwa mtu aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini, maana mwili hugeuza sehemu ya kodeini kuwa mofini. Heroini yenyewe haikai: ndani ya dakika chache inageuka kuwa kitu kiitwacho 6-monoasetilmofini, halafu mofini. Hiki cha katikati ndicho tunachokiwinda, kwa sababu mwili hauwezi kukitengeneza kutoka kwenye kodeini wala mofini. Kikionekana kwenye mkojo, mazungumzo ya dawa ya kikohozi yanakuwa yamekwisha. Ndiyo maana simkubalii mwajiri anayemfukuza mtu kazi kwa kijiti peke yake.

Hata baada ya kuipata dawa, kiasi chake hakisomeki bila kujua ni cha nani. Kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini badala yake, ilifunguliwa hospitali ya Muhimbili 2011, na yupo mtu anayefika kliniki ya namna hiyo kila asubuhi, anakunywa dozi yake, kisha anapanda daladala kwenda kwenye shughuli zake. Kiasi kilichomo kwenye damu yake kingemuua jirani aliyeketi naye kiti kimoja. Karatasi ya majibu inaweza kuonyesha namba ileile kwa wote wawili. Kama hatukuambiwa huyu alikuwa mgonjwa wa kliniki, tutaandika kitu ambacho wakili mzuri atakichana mahakamani, na atakuwa na haki.

Sasa nije kwenye maiti, maana hapa ndipo kesi nyingi zinapoharibikia. Moyo ukisimama, dawa zilizokuwa zimejificha kwenye ini na mapafu huanza kuvuja kurudi kwenye damu iliyo karibu. Damu ya moyoni inaweza kuonyesha dawa nyingi kuliko alizokuwa nazo mtu alipokuwa hai. Kwa hiyo tunaomba damu ya mshipa wa paja, iliyo mbali na vurugu hizo. Joto nalo lina mambo yake: vijidudu vya mwilini hutengeneza kilevi vyenyewe, na marehemu ambaye hakuwahi kuonja bia anaweza kutoka na kilevi kwenye damu. Dawa yake ni chupa yenye sodiamu floraidi ya kuvizuia, pamoja na ute wa ndani ya jicho, ambao huchelewa kuingiliwa na vijidudu. Tunaomba pia mkojo, kipande cha ini, yaliyomo tumboni, na nyongo. Nyongo ya binadamu, sio ya mamba. Mofini hujikusanya humo, na mara nyingine tunaikuta kwenye nyongo wakati damu imeshaanza kutuficha.

Halafu kuna "dawa" ya mochwari. Ndugu wanataka kusafirisha mwili kwenda Bukoba au Songea, safari ndefu, basi mwili unachomwa formalini. Naelewa kabisa. Lakini formalini hugeuza kemikali nyingi kiasi kwamba sumu ya sianidi, kwa mfano, inaweza kutoweka isionekane. Dawa hizo za kuhifadhi maiti mara nyingi huwa na methanoli ndani yake. Methanoli ni ile inayopofusha na kuua wanywaji wa gongo na chang'aa iliyochakachuliwa, kama ilivyotokea kaunti kadhaa za Kenya Mei 2014, zaidi ya watu 80 wakafa. Mwili wa mnywaji ukishachomwa dawa hiyo, nikiiona methanoli kwenye damu siwezi kusema ilitoka kwenye glasi au kwenye sindano ya mochwari. Kama kuna shaka yoyote ya sumu, sampuli zichukuliwe kwanza, mwili uchomwe baadaye. Ni suala la nusu siku.

Na chombo jamani. Siku moja tulipokea yaliyomo tumboni mwa marehemu ndani ya chupa ya mayonezi, mdomo umefungwa kwa nailoni na kipande cha kamba ya katani. Ilikuwa imevujia njiani juu ya fomu yake yenyewe, wino umeyeyuka, jina la marehemu limebaki herufi tatu. Lakiri haikuwepo. Tulipima kwa sababu askari aliyeileta alikuwa amesafiri usiku kucha na nilimwonea huruma, lakini mbele ya hakimu sampuli ile isingesimama hata dakika moja: nani aliifunga, nani aliifungua, mayonezi yalioshwa?

Ndugu nao wana nafasi yao, na huanza kabla ya mtu kufa. Mgonjwa akifikishwa hospitali anaharisha au hajitambui, damu ya kwanza kabisa anayotolewa ndiyo yenye habari. Baada ya siku mbili za dripu, sumu nyingi zimeshatoka mwilini. Ombeni itunzwe. Mabaki ya chakula au pombe msiyamwage, sufuria msiioshe, na matapishi msiyaone kinyaa, yafungeni. Chupa ya dawa ya mimea au ya kuulia wadudu iliyokutwa uvunguni ije na karatasi yake. Na mtaje kila alichokuwa anatumia: vidonge vya presha, dawa za ARV, mizizi ya mganga, na hata vile ambavyo familia ingependa visijulikane. Daktari aliyeona mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, mate yanamwagika na jasho linachuruzika, akiandika hayo kwenye fomu ametuambia tuanze na viuatilifu vya aina ya oganofosfeti, na ametuokolea wiki nzima.

Kuna pahali ambapo hata hayo yote hayatufikishi kwenye jina. Machi 2024, Kisiwa Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wakalazwa. Mlo wenyewe haukuwa na ubishi. Sumu ya kasa ndiyo mgogoro: inajulikana kwa inachofanya, hupita hata kwenye maziwa ya mama na kumpata mtoto aliye mgongoni, moto wa jikoni hauiondoi, lakini kemikali yenyewe haijatambuliwa hadi leo. Haimo kwenye maktaba ya kompyuta yoyote, kwa hiyo hakuna mashine ya kuiona. Ukituletea damu ya mmoja wa watoto hao bila maelezo, tutaipitisha kwenye kila mashine tuliyonayo na karatasi itatoka safi. Ikija na mstari mmoja wa kalamu ya muuguzi, "walikula kasa juzi jioni, nyumba tatu," tunajua tumesimama wapi.